Seti ya usonara ya kuanzia nyumbani: nilivyoiona mimi niko Tanga

Hii seti ya kutengenezea vipuli na bangili za shaba wengi mmeiona, ile ya boksi jekundu inayozungushwa sana mitandaoni, kuna video dada anakunja waya mara tatu hereni hiyo imetoka. Mi nimeinunua laki na arobaini pamoja na nauli ya basi toka Dar mpaka hapa Tanga, na nimeifanyia kazi tangu kabla ya Ramadhani mpaka leo, kwa hiyo siongei kwa kuangalia picha. Nikupe jibu mapema usije ukachoka njiani: plaizi na msumeno vizuri sana, vilivyobaki nusu yake unavipata mitaa ya Ngamiani hapa Tanga kwa bei ya chini, na kuna vitu viwili bora visingewekwa kabisa.

Ndani ya boksi kuna plaizi tatu, fremu ya msumeno na pakiti ya bledi, nyundo ndogo, tupa nne za saizi ya penseli, chuma cha kupimia pete, kichomeo cha gesi cha mkononi, mikunjo ya waya, kipande cha bati la shaba, chupa ya dawa ya kutia weusi (hii ilifika imevuja imelowanisha kitabu, kitabu chenyewe Kichina kwa hiyo hasara si kubwa), risasi ya kulehemu, kulabu za hereni na mfuko wa vito vya plastiki.

Nianze na plaizi maana hizo ndo zimenifanya nisiirudishe seti. Mdomo ni laini kabisa hauna meno. Kama umeshajaribu kukunja waya wa shaba na plaizi ya fundi umeme unajua nnachoongelea, kila unapobana inaacha alama ya meno na shaba ni laini, hiyo alama utaisugua na msasa mpaka jioni na bado utaiona kwenye jua. Hizi hamna hiyo shida. Ya mdomo wa duara imechongoka vizuri, ncha nyembamba inakupa kitanzi kidogo cha hereni, ukisogea nyuma unapata kitanzi kikubwa, sa mi nilichofanya nimepiga mstari wa kalamu ya maka kwenye mdomo ili kila kitanzi kitoke saizi moja maana hereni mbili zisipolingana mteja wa Tanga atakurudishia palepale tena kwa maneno matamu.

Msumeno nao mzuri. Fremu inakaza, haichezi. Bledi zake ni nyembamba mno na mwanzoni zinakatika kama tambi, usikate tamaa, hapo shida inakuwa ufungaji. Meno yatazame chini upande wa mpini, kwa sababu kazi inafanyika unapovuta kushuka, ukipandisha haukati kitu. Halafu unaikaza hivi: fremu unaiegemeza mezani, unaisukuma kwa kifua ibonyee kidogo, ndo unafunga skrubu ya pili, ukiachia bledi inavutika, iguse na kucha ikilia tiiing ya juu iko sawa, ikitoa sauti butu fungua uanze tena. Unaipaka nta, mi natumia mshumaa wa kawaida wa dukani. Na usiisukume mbele, mkono unapanda na kushuka tu, bati ndo unaligeuza taratibu. Baada ya kuzoea nimekata mpaka umbo la jahazi lenye tanga lake kutoka kwenye kile kibati, na watu wameipenda kuliko maua maua yale.

Msumeno huohuo ndo wa kukatia viduara vya kuungia mikufu. Unazungusha waya kwenye msumari mnene kama springi, unautoa, unakata kwa msumeno upande mmoja toka juu mpaka chini. Ukikata na plaizi ncha moja inakuwa bapa nyingine imechongoka kama paa la nyumba, hazikutani, na mkufu ukivutwa na mtoto basi umeachia. Na kufungua kiduara unapeleka ncha moja mbele nyingine nyuma, usiipanue kwa pembeni, ukipanua hairudi duara tena.

Waya sasa. Mikunjo mitatu, miwili ya shaba kweli, milimita 0.8 na milimita 1, sina neno. Wa tatu wameandika fedha. Jamani. Nilikata kipande nikaangalia ncha kwenye mwanga wa mlangoni, katikati mwekundu, pembeni ndo kuna rangi nyeupe nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nikapiga msasa kidogo wekundu ukatoka wote. Ni shaba iliyopakwa. Fedha ya usonara inagongwa muhuri wa 925, maana yake katika sehemu elfu moja 925 ni fedha na zilizobaki mara nyingi ni shaba, na kwa bei ya fedha ilivyo hakuna mtu atakuwekea mkunjo mzima kwenye boksi la laki na arobaini. Si kwamba haufai, kwa mazoezi unafaa sana, ila wangeandika ukweli. Mi mtu akinunua kwangu nitamwambiaje ni fedha halafu baada ya wiki kadhaa za hewa hii ya bahari ya Raskazone inabanduka?

Na zile kulabu za hereni tupa kule. Nilimpa wifi yangu pea ya kwanza avae kwenye shughuli, kabla hata ya kesha kuisha masikio yamevimba yanawasha. Ni nikeli hiyo, watu wengi ngozi zao hazielewani nayo, na kwenye pakiti hawajaandika chochote. Siku hizi kulabu naenda kununua kwa sonara za 925, bei imepanda kidogo lakini siletewi kesi.

Haya tuje kwenye moto, hapa ndo pana maneno.

Shaba ukiigonga sana inakuwa ngumu, hii hata video hawasemi vizuri. Unagonga bangili inakubali, inakubali, baadae inaanza kukataa, nyundo inaruka, ukilazimisha inapasuka pembeni. Dawa yake ni kuichoma mpaka iive wekundu hafifu, siyo wekundu wa makaa, ule wa mbali ambao unauona ukiwa kivulini tu, kisha unaitumbukiza kwenye maji, inalainika tena kama mpya. Kwa hiyo usifanye juani, hutaona rangi utapitiliza, na shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085 ila waya mwembamba unaharibika huko njiani kabla hujajua. Mimi nafanyia uani kwenye kona ya ukuta maana kipindi hiki cha kusi moto wa kile kichomeo unapeperuka wote, unakuta unapasha ukuta.

Kichomeo chenyewe kwa pete na vipuli kinatosha. Kwa bangili pana hakitoshi, tena hata kidogo, shaba inasafirisha joto haraka sana, unapasha hapa lote linakimbilia kule, gesi inaisha bangili bado nyeusi tu. Bangili napeleka kwenye jiko la mkaa, napepea, imeisha hiyo. Gesi yake ni ile ya kujazia viberiti, haiji nayo kwenye boksi, ununue mwenyewe.

Sasa kulehemu. Kwenye ule mkunjo wa risasi waliotia pameandikwa 60/40. Nikampelekea mzee mmoja sonara huku barabara za Ngamiani, mtu wa siku nyingi, fuawe yake ni kipande cha reli (reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na Wajerumani, sijui kipande chake ni cha lini na sikuuliza kilifikaje pale). Nikamwamkia, nikamwonyesha. Hakukishika hata. Akaniambia, "Mwanangu, hii ya mafundi redio." Na kweli, 60/40 ni madini ya bati asilimia sitini na risasi arobaini, risasi yenyewe ile ya sumu, ni ya kuunganishia vyombo vya umeme. Inayeyuka hata nyuzi 200 haijafika ndo maana kwenye video inaonekana rahisi. Sasa unamvisha mtoto kikuku chenye risasi, mtoto anakiweka mdomoni. Hapa ndo nawalaumu wauzaji kwelikweli, mengine yote nimesamehe. Hii si ya kuiweka kwenye seti ya mapambo.

Mzee akaniuzia vipande vya kulehemia vya fedha, vyembamba kama kucha, na boraksi kidogo kwenye karatasi (ule unga mweupe wa kusaidia fedha ishike). Akaniangalia nikifanya pale pale kwake, namulika moto kwenye kale kakipande, kanajikunja kuwa kama tone, kanaviringika pembeni, hakaingii. Akasema, "Wewe unakichomea kile nini? Ipashe pete, pete ikiiva chenyewe kitakuja." Nikauzungusha moto kwenye pete nzima, boraksi ikafura nyeupe, ikatulia, ikawa kama kioo, halafu ghafla ule mstari wa maungio ukang'aa mweupe kutoka upande huu mpaka upande wa pili. Hiyo kitu ukiiona mara moja utataka kulehemu kila kitu ndani ya nyumba. Ila maungio yawe yamekutana kabisa, ukiona mwanga unapita katikati usihangaike kuwasha, kale ka fedha hakajazi mwanya. Na pawe pasafi, jasho la vidole tu linatosha kuiharibu. Chini weka kipande cha mkaa mgumu, kinarudishia kazi joto, wakati seti hawajaweka kitu chochote cha kulehemia juu yake, sijui walitegemea tutumie meza ya chakula.

Ikitoka motoni ni nyeusi ti. Hapo usisugue, chukua ndimu ya unga ile ya kwenye urojo, vijiko viwili kwenye maji ya moto, tumbukiza uende ukapike, ukirudi imekuwa ya pinki safi. Usitolee kwa koleo ya chuma, chuma kikiingia kwenye ule mchuzi shaba iliyoyeyuka humo inahamia kwenye kazi yako, kama ni fedha inatoka imepakaa wekundu. Mi natolea kwa kijiti cha mianzi. Chombo kisirudi jikoni kwenye chakula.

Jingine la moto, usichome waya wa mabati ule wa kufungia fensi hata kama ni wa bure, ule umepakwa zinki, moshi wake ukiuvuta unalala na homa usiku. Brasi, ile shaba ya njano, nayo ina zinki ndani, ukiichoma chomea nje na usiipitilize.

Ile dawa ya weusi iliyovuja sijaililia. Yai la kuchemsha unalivunja na kiini chake likiwa moto, unaweka kwenye kopo la plastiki na hereni zako zisiguse yai, unafunika, baada ya muda zinatoka za kahawia mpaka nyeusi, unasugua juu na msasa laini mabonde yanabaki na giza. Harufu sasa, mvumilie.

Nyundo iko sawa. Tupa zinatosha. Chuma cha kupimia pete siyo chuma, ni aluminiamu, ukigongea pete juu yake inapata mabonde na mabonde yale yanahamia ndani ya pete, tumia kupimia tu. Cha kugongea nilienda gereji nikaomba pini ya pistoni iliyotolewa kwenye injini, wakanipa na kunishangaa. Ile kitu imekazwa, inang'aa kama kioo, unaiosha oili unaifunga kwenye vaisi umepata fuawe ndogo ya vipuli ambayo dukani ungeilipia.

Vito vya plastiki nimewapa watoto wa dada. Mkoa huuhuu una bonde la Umba linatoa yakuti na ganeti za rangi kibao, wao wanatuletea plastiki. Basi tu.

Muuzaji nilimwandikia WhatsApp kuhusu waya na ile risasi. Kujibu anajibu haraka, "pole dada", akanitumia pakiti mbili za bledi bure kama kunipoza, kuhusu risasi akasema ndivyo kampuni inavyopaki. Naona bado anauza hivyohivyo.

Kwa hiyo nyota mimi nampa tatu kwa tano, na hizo tatu ni za plaizi na msumeno. Kama uko Dar na unaweza kufika Kariakoo, ulizia plaizi za mdomo laini na fremu ya msumeno wa sonara peke yake, ukipata achana na boksi. Kama uko huku kwetu na hutaki usumbufu nunua, ila siku ileile likifika toa ile risasi ya 60/40 na kulabu, kampe fundi redio mtaani kwako risasi yake. Waya wa shaba ukiisha nenda kwa mafundi wanaofunga upya waya za mota, mi nanunua kwao kwa uzito, ila ule una vanishi juu, uuchome kwanza nje na usikae upande unaokwenda moshi, halafu ndo msasa. Bledi kwa hapa Tanga nimezipata kwa masonara wenyewe tu, wanakuuzia moja moja ukiwaomba vizuri, nenda asubuhi kabla hawajapata wateja wa harusi.