Antigone au Nora: nani apande jukwaani Lubumbashi?

Kikundi cha maigizo cha Lubumbashi kinachotafuta mwanamke wa kukaidi desturi kitakutana upesi na Antigone, wa tamthilia ya Mgiriki Sophocles ya yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, na Nora, wa tamthilia ya Mnorwei Ibsen ya mwaka 1879, A Doll's House. Antigone anamfukia kaka yake kwa mavumbi ingawa mfalme Kreon amepiga marufuku mazishi hayo, na dada yake Ismene anapomkumbusha kwamba wanawake hawashindani na wanaume, hamsikilizi. Watazamaji wetu, ambao kwao maiti isiyozikwa ni aibu ya ukoo mzima, watamwelewa bila kufafanuliwa.

Nora ni mgumu zaidi, na ndiyo maana ninampendelea. Alighushi saini ya baba yake ili apate mkopo wa kumtibu mumewe, kwa kuwa mke hakuruhusiwa kukopa bila idhini ya mume. Nasi tusiicheke Norwei ya kale, maana Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria, hadi iliporekebishwa mwaka 2016. Antigone anatetea wajibu ambao hata wazee wanauheshimu, ilhali Nora anarudisha pete, anawaacha watoto watatu na kuufunga mlango nyuma yake, jambo litakalozua manung'uniko ukumbini.

Kwa upande wa gharama, Nora anahitaji sebule moja tu. Antigone anadai kwaya, ingawa kwaya hazikosekani Lubumbashi.