Kadi za biashara za duka langu la watoto: tathmini ya mpiga chapa wa River Road

Nina duka dogo la vifaa vya watoto wachanga katikati ya Nairobi, na miezi mitatu iliyopita nilimpa mpiga chapa mmoja wa mtaa wa River Road kazi ya kubuni na kuchapa kadi 200 za biashara kwa shilingi 2,400. Kwa kuwa sasa zimebaki chache tu, naweza kuipima kazi yake kwa jinsi kadi zilivyowafaa wateja, wala si kwa jinsi zilivyong'aa mezani pake.

Ukubwa aliuchagua kwa busara. Mimi nilitaka kadi ya mraba yenye pembe za duara, ila yeye alishikilia milimita 85 kwa 54, ambao takriban ndio ukubwa wa kadi ya benki. Wateja wangu wengi ni kina mama wanaotoka kliniki wakiwa na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na kadi ya kipimo hicho huchomekwa ndani ya jalada la kijitabu bila kujikunja. Mahali hapo ni bora kuliko pochi, kwa sababu kijitabu hakitupwi.

Msaidizi wake, ambaye mwenyewe analea mtoto mchanga, ndiye aliyetoa wazo lililonifurahisha kuliko yote: upande wa nyuma uorodheshe nyakati za chanjo baada ya ile ya kuzaliwa, yaani wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na 18 kwa surua na rubela, na kila wakati uachiwe nafasi ya kuandika tarehe ya kurudi kliniki. Kadi ya namna hiyo mama huishika mara tano au zaidi, na kila anapoishika hulikuta jina la duka.

Wazo hilo zuri liliharibiwa na plastiki. Kadi zilifunikwa laminesheni ya kung'aa pande zote mbili, na kalamu ya kawaida haiandiki juu yake. Wino huteleza na kufutika kwa kidole. Nilipolalamika niliambiwa, "Mama, wateja wote hupenda inayong'aa." Huenda ni kweli kwa fundi wa magari, ambaye kadi yake hushikwa kwa mikono yenye grisi, lakini kadi yenye nafasi za kujazwa ilistahili kuachwa wazi nyuma, hata kama karatasi iliyofunikwa upande mmoja hujipinda kidogo.

Kosa la pili lilikuwa la rangi, na hapo lawama tunagawana. Nilipokea mfano kwa WhatsApp, nikaipenda rangi ya waridi hafifu iliyotumika hadi kwenye nambari ya simu, nikaidhinisha. Skrini hutoa mwanga, ilhali mashine huipata waridi hafifu kwa kutawanya vitone vidogo vya wino juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo tarakimu nyembamba zilitoka na kingo zilizochakaa. Bibi mmoja aliyekuwa akimnunulia mjukuu blanketi alinirudishia kadi na kuniomba nimsomee nambari. Waridi ingebaki kwenye mchoro, na maandishi yote yakawa ya rangi moja iliyokolea.

Maneno yenyewe sina ugomvi nayo. Mpiga chapa alikubali kuondoa picha ya mtoto wa Kizungu aliyoitoa kwenye intaneti (sijui kwa nini kila duka la watoto mjini lina picha ya mtoto huyohuyo) akaweka mchoro mwepesi wa mbeleko. Alisisitiza pia kwamba anwani itaje kituo cha matatu kilicho karibu, ghorofa na namba ya duka, kwani mjini watu hufuata alama kuliko majina ya majengo. Nambari ya till ya M-Pesa ilikuwa sahihi.

Kwa jumla nampa alama tatu kati ya tano, na nimemrudia kwa kadi nyingine 300 kwa sababu anajua kumfikiria mteja wa mteja wake. Safari hii nimelipa nusu tu. Salio atalipata nitakapokuwa nimechukua kadi moja kutoka kwenye mashine na kuandika tarehe nyuma yake kwa kalamu yangu mwenyewe.