Kadi za picha za Kiingereza nilizonunua Majengo: picha safi, vidokezo ziba uandike vyako

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma mpaka chini. Kadi ni nzuri kwa mtoto wa la kwanza mpaka la nne hivi, kwa anayejiandaa na fomu wani zinamfikisha nusu ya safari, na vile vidokezo vya kukumbukia neno vilivyoko nyuma ya kila kadi, ambavyo ndo wamevitangaza kwa herufi kubwa juu ya boksi, bora uvizibe na karatasi uandike vya kwako. Kama unaharaka ishia hapo, wengine tuendelee.

Mzigo wenyewe ni boksi la plastiki lenye kadi 200, kubwa kidogo kuliko karata za kuchezea. Mbele kuna picha ya rangi, nyuma neno la Kiingereza, zile alama za matamshi ambazo mi mwenyewe nazisoma kwa kubahatisha, sentensi moja na hicho kidokezo. Kiswahili hamna popote. Nimechukua stesheneri moja pale karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, kijana akaanza na 25,000, eti "mama chukua leo, zimebaki mbili, watu wa Iyumbu wamezimaliza", nikamwambia mwanangu mi sitokei Iyumbu, natokea Nkuhungu, niangalie na mimi. Tukamalizana kwa 18,000. Nadhani ningekaza ningepata kwa 15,000 ila jua lilikuwa kali.

Nilimnunulia mtoto wa kaka yangu, kamaliza la saba Mpwapwa kaja kukaa kwangu asome prifomu wani huku anasubiri Januari. Hali yetu si mnaijua, mtoto wa shule ya serikali miaka yote ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo tu kati ya masomo, halafu anaingia fomu wani anakuta Baiolojia ya Kiingereza, Jiografia ya Kiingereza, hesabu za Kiingereza, karibu kila kitu. Wenzake waliotoka inglishi midiamu wanacheka vichekesho vya mwalimu, yeye anacheka kwa kuwaangalia wao. Huko kwenye prifomu wani anapewa orodha ya maneno ubaoni, ananakili, anakariri usiku, asubuhi anayo yote, ikifika Ijumaa muulize hata nusu hana. Na sio kwamba hana akili. Kuna Mjerumani mmoja anaitwa Ebbinghaus alijipima yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, akaandika mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa inapotea ndani ya siku ya kwanza tu. Sasa orodha ya ubaoni kwa mtoto ambaye hajawahi kuyasikia hayo maneno ina tofauti gani na silabi zisizo na maana.

Basi kwenye picha kadi zimenifurahisha, niseme ukweli. Picha moja kitu kimoja, pembeni yake peupe, hamna maua maua na vikatuni vya kumchanganya mtoto. Sehemu za mwili zipo vizuri sana mpaka kisigino, nyusi na kifundo cha mguu, vitu vya jikoni vipo, wadudu wapo, zana za fundi zipo. Kinachosaidia zaidi ni kwamba dogo anaona kiwiko anasema "elbow" moja kwa moja, hapiti tena kwenye ile njia ya kujiuliza kwanza kwa Kiswahili kinaitwaje halafu aanze kutafsiri. Na binti yangu wa la pili ambaye hakununuliwa yeye ndo kazidaka kuliko mwenyewe, anazipanga sakafuni anajifanya mwalimu, anamchapa kaka yake na mwiko akikosea.

Ila hizi kadi wamewatengenezea watoto wa Marekani, hilo utaliona hata kabla hujafika kadi ya thelathini. Kuna mtu wa theluji. Kuna gari la kutelezea kwenye theluji. Kuna boksi la barua la nje ya nyumba lenye kibendera chekundu, dogo akaniuliza "shangazi, hiki ni kibanda cha njiwa?" na kwa kweli nisingemlaumu. Kadi zote hizo ni pesa yako umelipia halafu mbuyu haumo, zabibu zipo lakini wameweka picha ya zile kavu za kwenye keki, sisi tuliozungukwa na mizabibu hapa tunaangaliana tu.

Hiyo ya theluji inachekesha, kubwa zaidi ni tahajia. Wameandika kwa namna ya Kimarekani, "color", "gray", "airplane", mahindi wameandika "corn". Shuleni kwetu tunafundishwa Kiingereza cha Uingereza, "colour", "grey", "aeroplane", "maize". Dogo alipeleka "color" kwenye zoezi la prifomu wani ikapigwa mkasi wa wino mwekundu, akarudi amenuna anasema lakini shangazi kwenye kadi imeandikwa hivyo. Nikachukua maka peni nikapita kadi zote nikirekebisha. Ukinunua anza na hiyo kazi kabla hujampa mtoto, akishaizoea vibaya kuitoa ni shughuli.

Haya sasa vidokezo. Wazo lenyewe ni zuri na lina ushahidi, sio uganga. Unachukua neno la kigeni, unatafuta neno la lugha yako linalofanana nalo kwa sauti, halafu unatengeneza picha kichwani inayoyakutanisha hayo mawili. Atkinson na Raugh, watafiti wa Marekani, walijaribu mwaka 1975 kwa wanafunzi wanaojifunza Kirusi, maneno 120, waliotumia njia hii wakakumbuka asilimia 72 na wasioitumia asilimia 46. Zikapita wiki sita bila kuambiwa watapimwa tena, wakapimwa, ikawa 43 kwa 28. Yaani wote walisahau, ila hawa walibaki na kingi zaidi.

Sasa angalia walivyofanya hawa wa kadi. Kisigino, "heel", kidokezo kinasema inaimba sawa na "wheel". Mtoto asiyejua "heel" hiyo "wheel" kaijulia wapi? Peasi, "pear", nayo wanakwambia inaimba sawa na dubu, "bear". Ukimpa mtoto wa Mpwapwa kidokezo cha hivyo umempa neno la pili la kukariri badala ya kumpunguzia la kwanza. Ndoano, yaani lile neno la kukamatia la kigeni, lazima itoke kwenye lugha anayoiota usiku.

Tukaanza kutengeneza vyetu jioni barazani. Kidevu ni "chin", na kiko chini ya mdomo, hiyo haikuhitaji hata kufikiri. "Goat", tukamchora mbuzi kapiga goti. "Cook", mtu anapika kuku. "Lazy", mvivu ambaye haamki mpaka aambiwe lazima. "Rude", mtoto anaondoka wakubwa wanaongea anaitwa wee rudi hapa! Michoro yangu mibaya kweli, mbuzi ana magoti sita, lakini ubaya ndo unasaidia maana wanacheka na kinachochekesha hakitoki. Vile alivyotunga dogo mwenyewe vinakaa zaidi kuliko nilivyompa mimi, kwahiyo siku hizi nakaa kimya namwacha ahangaike.

Angalizo hapa maana hili hakuna aliyeniambia. Kadi ya bawa, "wing", dogo akatunga ndege anapaa mpaka kwenye wingu. Safi. Keshokutwa namuuliza "wing" ni nini, ananijibu kwa kujiamini kabisa, wingu. Kashika ndoano kaacha samaki. Tukaichora upya, mara hii bawa kubwa limejaza karatasi na limebeba kiwingu kidogo mgongoni, na nikimuuliza haruhusiwi kujibu kwa neno, anapiga mabawa kwanza kwa mikono ndo aseme. Sasa hakosei. Kwahiyo kile unachotaka akikumbuke ndo kiwe kikubwa kwenye mchoro na kiwe kinafanya kitu, kile kinachofanana sauti kiwe kidogo. Na matamshi yasikilizwe pia, maana "lazy" na lazima zinafanana zaidi kwenye kuandika kuliko kwenye kutamka, mtoto akiachiwa atasema "lazi".

Na kwenye matamshi boksi limeniangusha. Kuna ile michoro miraba ya kuskani na simu usikie sauti, nimeskani, inafungua ukurasa mtupu. Simu ya jirani, hivyo hivyo. Zile alama za matamshi mtoto hazijui, na bila sauti dogo alikuwa anasoma "knife" kama ilivyo, "kinife". Nikawa namtafutia mwenyewe kwenye simu, bando langu.

Sasa tufike kwa fomu wani. Kadi 200 na hakuna hata moja ya maneno yatakayomuua kwenye mtihani. Mtoto hafeli Baiolojia kwa kutojua kiwiko kinaitwaje, anafeli kwa kuwa swali limeandikwa "mention" yeye kajaza kurasa mbili, au limeandikwa "explain" yeye kaweka orodha ya maneno manne. "Define", "state", "differentiate", "although", "therefore", hayo hayana picha ya kupiga na kamera na ndo maana kwenye boksi hayamo. Tumehangaika nayo. Iliyokaa mpaka leo ni ya "mention" na "explain": "mention" ni konda wa daladala, anataja tu, Makole! Majengo! Sabasaba! hakuambii Makole kukoje. "Explain" ni dereva aliyesimamishwa na trafiki, huyo lazima aseme kwanini, ilikuwaje, abiria walisemaje, na mkewe anaumwa. Tangu siku hiyo dogo akiona "mention" kwenye karatasi anasema konda, anaandika majina anaondoka. "Although" bado inatusumbua, hiyo nimeiacha kwenye sentensi tu, anatunga sentensi kila siku kuhusu maji kukatika ingawa bili tumelipa.

Boksi halina vigawanyo, nimehamishia kadi kwenye boksi la viatu nikakata manila nikagawa vyumba vitatu. Akipata neno linasogea chumba kinachofuata, akikosa linarudi chumba cha kwanza hata kama lilishafika mwisho. Cha kwanza tunapitia kila siku, cha kati mara mbili kwa wiki, cha nyuma Jumapili baada ya kanisa. Njia hii aliieneza Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, miaka ya 1970, na kazi yake ni kwamba mtoto hapotezi muda kwenye anayoyajua. Kwa wenye simu janja kuna programu inaitwa Anki inafanya hivyo hivyo yenyewe, kwenye Android ni bure, kwenye iPhone wanalipisha, na ukishaweka kadi zako inafanya kazi bila intaneti. Nzuri, ila mi simu yangu ikishaingia mkononi mwa mtoto inageuka ya katuni, nimebaki na boksi la viatu.

Ubora wa karatasi wastani. Zina ngozi ya plastiki, vumbi la Dodoma unafuta na kitambaa, maji ya chai yanafutika, lakini kona zimeanza kufumuka na mfuniko wa boksi umepasuka bila hata kuanguka. Na ni nyepesi, usizitandaze nje ukiwa na upepo wetu huu, kadi ya tumbili tumeipata kwa jirani na ya nyundo hatujaipata mpaka leo.

Nyota tatu kwa tano. Kama una mtoto mdogo chukua, 18,000 inalipa, rekebisha tahajia, toa za theluji weka kando. Kama una wa fomu wani na hela ni ya mawazo, usinunue, chukua manila mbili tatu na maka peni, kata kadi, nusu ziwe za vitu na nusu ziwe za maneno ya maswali ya mtihani, mwombe mtoto wa jirani aliyeko fomu tuu akuazime karatasi za mitihani ya mwaka jana uyatoe humo. Yule kijana wa stesheneri ukimkuta muulizie pia zile za namba na maumbo, aliniambia mzigo unashuka mwisho wa mwezi, asikuuzie zaidi ya 15,000.