Mfuko wa afya wa kikundi chetu cha hisa: uzoefu wangu

Jamaa zangu wa mjini huniuliza nimejiunga na mfuko wa afya kwa ajili gani, na huku Zanzibar matibabu ya Serikali yalitangazwa bure baada ya Mapinduzi ya 1964. Suala zuri. Lakini sisi wa vijijini kaskazini Pemba tunajua bure ile inaishia wapi. Dawa ikikosekana, unakwenda dukani. Kipimo chengine mpaka ufike Wete au Chake. Na mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, mwanzo unatafuta gari, daktari baadaye, na mwenye gari hana habari ya bure.

Mfuko wetu umezaliwa ndani ya kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba mbalimbali, hesabu ikisomwa kwa sauti mbele ya wote. Hapo ndipo waliponipata. Kabla yao alipita kijana na fomu za bima, kavaa vizuri, maneno matamu, nami nikawaza: siku ya kudai nitamfuata wapi? Mshika fedha wetu namjua mpaka kamba zake za mwani zilipo.

Kilichonibakisha ni namna ya kulipa. Tunatoa elfu moja kila bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, kwa sababu bamvua ndiyo tunashuka pwani na ndiyo tunashika fedha. Wenye mikarafuu wanalipa mara moja, msimu ukifika. Bei ya mwaka mzima si kubwa, lakini ingedaiwa yote wakati mwani haujakomaa, nisingeingia, na majirani zangu wengi wasingeingia. Watu husema wanavijiji hawajui umuhimu wa bima. Wanajua sana! Waulizwe wanapata fedha lini.

Sheria iliyoleta zogo ni ya kuandikisha nyumba nzima. Wengine walitaka kumlipia bibi mwenye sukari peke yake na kuwaacha vijana wazima. Kikundi kikakataa, na kikaweka miezi mitatu ya kungoja kabla ya kudai. Mimi niliona ni ukatili, kwa kuwa mwari wa jirani alikuwa mjamzito tayari. Bado sijaipenda, ila wakijiunga wagonjwa watupu sanduku halifiki msimu wa pili.

Kasoro kubwa ni udogo. Maradhi ya kuharisha yalipoingia kijijini, nyumba nyingi zilidai kwa pamoja, na waliochelewa wakapata nusu. Tena sanduku linatoa nauli na dawa tu, upasuaji haliuwezi. Bara, Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianza wilaya ya Igunga 1996, na baadaye ulipoboreshwa, fedha zikakusanywa kwa mkoa badala ya kila wilaya na mfuko wake, kaya ya watu sita ikilipa shilingi 30,000. Upana huo wa kuchangia ndio tunaoukosa. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulioundwa kwa sheria ya 2023 ulianza na watumishi wa umma, na sie wa mwani hatuna mshahara wa kukatwa.

Nyota tatu na nusu. Nimelipa tena, na safari hii nimemwandikisha na mama mkwe, ambaye anataka kujua kama sanduku linalipia miwani. Halilipii.