Hanesi ya kunyanyulia miguu ya nyuma: nimeitumia miezi minne kwa mbwa wangu, nyota 4

Hii hanesi, yaani vazi la mikanda la kumnyanyulia mbwa, nilianza kuitumia siku chache baada ya Shaba kulegea miguu, leo tuko mwezi wa nne, nimeifunga na kuifungua mara nyingi mpaka vidole vinajua njia vyenyewe hata gizani. Natoa nyota 4, hiyo moja iliyobaki ntaeleza kwa nini nimeizuia.

Shaba ni dume, kilo 24, miaka sita. Alikuwa anakimbiza mpira kama kila jioni, akatoa mlio mmoja tu, mkali, akakaa. Nikadhani kajikwaa. Nikamwita, akajaribu kunyanyuka, mbele kukanyanyuka nyuma kukabaki chini, na haikupita nusu saa mguu wa kushoto ulikuwa umelegea kabisa na wa kulia unatetemeka tu, anajivuta kuja kwangu huku ananiangalia usoni. Ile sura mpaka leo sijaisahau. Tukamlaza kwenye ubao ili mgongo usipinde tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo.

Sasa kabla ya hanesi yenyewe kuna jambo lazima niliseme, maana wengi wananunua hiki kitu wakati bado hawajui mbwa anaumwa nini. Daktari alimkunja wayo wa nyuma, upande wa juu ndo ukawa umelala chini. Mbwa mzima anaugeuza hapohapo, Shaba aliuacha vilevile kama siyo wake. Alafu akachukua koleo ndogo akambana kidole kwa nguvu, mguu ukajivuta, na Shaba akageuza kichwa kutazama ni nani. Daktari akashusha pumzi. Akasema mguu kujivuta peke yake hakumaanishi anahisi, uti wa mgongo unaweza kuuvuta wenyewe bila taarifa kufika kwenye ubongo, yeye alichokuwa anakisubiri ni kile kichwa kugeuka.

Picha ya MRI ikaonyesha siyo diski iliyochomoza (diski ni ule mto ulio kati ya pingili za mgongo), ni kile wanachoita kiharusi cha uti wa mgongo, yaani kachembe ka gegedu la diski kanaingia kwenye mshipa wa damu kanauziba, kipande cha uti kinakosa damu. Upasuaji wa hiyo haupo. Kwa kawaida baada ya ule mlio wa kwanza hapana maumivu tena, na ikishapita siku moja hivi haizidi kuharibika, kinachobaki ni mazoezi na uuguzi wa kila siku. Ingekuwa diski maelekezo yangekuwa karibu kinyume, angefungiwa kwenye kizimba wiki kadhaa, atoke kukojoa tu na hanesi alafu arudi ndani, hakuna kutembezwa. Kwahiyo hanesi ni ileile, mbwa wawili ukiwaangalia wamelegea sawasawa, mmoja itamsaidia na mwingine ukimtembeza nayo utamuumiza zaidi. Pima kwanza. Na dawa ya maumivu ya binadamu usimpe hata kidogo, ibuprofen na paracetamol zinaweza kuua mbwa.

Haya, bidhaa. Niliyochukua ni ile ya kuvaa kwenye nyonga, ina matundu mawili ya mapaja, inafungwa juu ya kiuno kwa ile kitu ya kunata na klipu mbili, alafu mgongoni kuna mshikio mfupi pamoja na mkanda mrefu wa kurefusha na kufupisha. Usiku wa kwanza tulitumia taulo tukalipitisha chini ya tumbo, na kwa dharura taulo linafaa kabisa. Alafu nikanunua ile ya kitambaa kipana cha kupitisha tumboni, hiyo siishauri kwa mbwa dume hata kidogo. Ukinyanyua inateleza inakuja mbele, inambana kibofu, mgongo unapanda juu kama upinde, na akikojoa mkojo wote unaingia kwenye kitambaa. Siku mbili nikaiacha. Hii ya nyonga inashika pale kwenye mifupa penyewe, mgongo unabaki umenyooka, ukimwangalia kwa pembeni anasimama kama mbwa anavyosimama.

Kipimo wanataka kiuno mbele ya mapaja na mzunguko wa paja. Pima akiwa amelala ubavu, na kama yuko katikati ya saizi mbili chukua ndogo, kwa sababu msuli wa paja unapungua haraka sana asipoutumia. Shaba kufikia wiki ya tatu paja la kushoto lilikuwa limenywea nikawa naingiza vidole vinne kwenye tundu ambalo mwanzo lilikuwa linamkaa vizuri.

Kitu ambacho karatasi ya maelekezo haikisemi kabisa, na mimi ndo nakiona cha maana kuliko vyote, ni namna ya kunyanyua. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nambeba. Kwa mapenzi tu, namuonea huruma, nanyanyua mpaka miguu inaning'inia, yeye anakimbia na miguu ya mbele na mimi nakimbia nyuma na mkanda, tukawa tunaona tunaenda vizuri. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo vya wanyama alituangalia hatua kama kumi akatusimamisha. Akaniambia shusha, shusha tena, mpaka nyayo zote mbili zilale chini na uzito kidogo uziingie, alafu tembea taratibu mpaka uone aibu. Miguu ikining'inia uti haupati habari yoyote kutoka chini, hapo hakuna anachojifunza. Ukiona vidole vinajikunja na kuburuza, nyanyua kidogo, virudishe kwa mkono vikae sawa, uendelee. Kuanzia hapo tukaacha kwenda mbali, tukawa tunafanya dakika tano mara nne kwa siku kwenye mikeka ya mpira, kwa sababu vigae vinateleza na mbwa akishateleza mara mbili anaogopa kusimama.

Na kulikuwa na asubuhi moja, wiki ya tano, amesimama anakojoa, nimeushika mkanda kama kawaida nikahisi umelegea mkononi. Sikuelewa. Nikashusha mkono kidogo, mkanda ukakunja, nyonga hazikushuka. Alikuwa amejisimamia mwenyewe, labda sekunde nne, tano. Nililia palepale na yeye akaanza kunilamba akaanguka.

Sasa kasoro. Pindo la ndani ya tundu la paja ni gumu. Siku ya tano nikakuta kwenye kinena ngozi imekuwa nyekundu, na mbwa asiyehisi vizuri hatakwambia kwamba inamchubua, lazima ufungue uangalie kila siku kwa macho. Nilikata soksi za pamba nikazishonea juu ya pindo, tatizo likaisha, ila mtengenezaji ndo alitakiwa aweke. Pili, ile nafasi waliyokata kwa ajili ya dume ni ndogo, mkojo unagusa kitambaa, kwahiyo nunua mbili, moja iko kwenye kamba moja anavaa. Tatu ile ya kunata inajaa manyoya, nachambua kwa sindano kila wiki. Alafu wameandika mbwa anaweza kuvaa siku nzima, hapo nawapinga kabisa. Mimi navua kila akilala, hasa kwa mbwa anayelala muda mwingi upande mmoja, vidonda vinaanza kwenye mifupa ya nyonga bila wewe kujua. Sisi tulikuwa tunamgeuza kila baada ya masaa manne, usiku naweka alamu.

Nigusie na mkojo kwa sababu hanesi yoyote itakudanganya hapo. Ukimnyanyua ukaona mkojo unadondoka unasema afadhali anakojoa, kumbe kibofu kinaweza kuwa kimejaa mpaka kinafurika na yeye hawezi kukitoa. Shaba ndo alikuwa hivyo siku tisa za kwanza. Daktari alinishika mikono yangu miwili akaniwekea tumboni mwa Shaba nikahisi kitu kama puto lililojaa maji, akanionyesha jinsi ya kukibana polepole kuelekea nyuma mpaka kiishe. Hilo msijifundishe wenyewe nyumbani jamani, muombe daktari akushike mikono hivyohivyo. Mkojo ukianza kunuka vibaya au kubadilika rangi rudi haraka, kibofu kisichoisha mkojo kinapata maambukizi upesi.

Uimara hauna shida. Nimeifua mara nyingi sana, mshono haujaachia hata mmoja, klipu zote zinalia vizuri, mkanda haujachanika. Urefu wa mkanda unafaa hata kwa mtu mrefu, mgongo wangu haukuuma, ule mshikio mfupi nautumia kumpandisha kwenye gari tu.

Leo Shaba anatembea. Mguu wa kushoto bado unaburuza kucha akichoka, ile sauti ya krrr kwenye sakafu nikiisikia najua imetosha, namvalisha soksi yenye mpira chini kucha zisiishe mpaka damu. Hanesi anaivaa kwenye ngazi na matembezi ya jioni, mkanda naushika umelegea, naacha tu uwepo. Mwenye mbwa wa kilo 20 hadi 30 anayetaka kujua saizi niliyochukua au nilivyoshonea zile soksi aniulize, nimebaki na kipande cha mfano.