Sheria ya Mlimani na sheria ya Nairobi

Kati ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) na kile cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Dar ndiye kaka mkubwa. Kitivo chake cha sheria kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia baadaye. Darasa la kwanza lilikuwa na mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa Waziri wa Sheria. Wakenya na Waganda nao walisomea hapo hapo. Sheria ilifundishwa pamoja na historia na siasa, na mijadala haikuishia darasani. Mwanazuoni wa sheria Issa Shivji alisoma pale, akabaki kufundisha.

Nairobi ilipata kitivo chake 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, cha pamoja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kilipogawanyika. Ni mdogo, lakini ukihesabu majaji na mawakili wa Kenya, amemwacha kaka yake mbali.

Kwa fikra, mimi nampa Dar. Kwa vyeo, tazama Majaji Wakuu wa Kenya walioteuliwa tangu katiba ya 2010: Maraga na Koome ni wa Nairobi, Mutunga wa Dar. Ila Mutunga huyo huyo alikuwa mhadhiri Nairobi alipowekwa kizuizini 1982.