Barafu ya mama wa Muhanzi, niliyoinunua kwa ajili ya somo la bahari

Walimu wenzangu watatu wameniuliza nilipata wapi ile barafu, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili na wengine wasome. Inauzwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, karibu na beach Muhanzi ya Ziwa Kivu, na mama mmoja mwenye friza mbili za kulala na jenereta ndogo nyuma ya nyumba. Wateja wake ni wauza samaki, wenye harusi, na watoto wanaonunua sashe za juisi iliyoganda. Mimi nafundisha jiografia Kadutu, papa hapa Bukavu, darasa la wanafunzi 52, na nilitaka barafu ya kuwaonyesha kwa macho jinsi barafu ya ncha za dunia inavyopandisha bahari. Nimenunua kwake mara tatu. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokosekana nitaieleza.

Kwanza mjue nilikotoka. Mara ya kwanza kabisa nilinunua kwingine, kwa sababu ni karibu na kwangu. Kwa nje barafu ile ilionekana ngumu, kumbe ilikuwa ganda tu na ndani maji. Nilipofika darasani nilikuwa nimebeba mfuko wa maji baridi yenye harufu ya samaki, na watoto walikuwa wameshapanga mabeseni. Nilifundisha kwa chaki siku hiyo, na nilirudi nyumbani na uchungu. Somo hili halifai chaki. Ukichora barafu ubaoni na kusema "ikiyeyuka maji yanapanda", kila mtoto atakubali, na nusu yao watakuwa wameelewa vibaya.

Mama wa Muhanzi hugandisha usiku mbili. Maji huyachemsha kwanza, kwa ajili ya wanaotia barafu kwenye vinywaji, halafu huyamimina kwenye madumu ya mafuta ya kula aliyoyakata katikati. Kinachotoka ni bamba la pembe nne, zito, unaloweza kuona kidole chako upande wa pili. Hulipima kwenye mizani ileile ya samaki mbele yako: kilo 2, franka 2,000. Nililipima tena shuleni na halikupungua hata gramu 50. Anakufungia kwa vumbi la mbao na majani ya ndizi, na ukija na blanketi lako anakufunika vizuri zaidi. Kwa pikipiki hadi Kadutu, pamoja na foleni ya asubuhi, nilifika barafu ikiwa haijalowana, haijaanza hata kutokwa jasho.

Nitaeleza tulivyofanya, kwa sababu bila hivyo hamtaelewa kwa nini nasifu barafu ngumu namna hii.

Beseni la kwanza: maji, na bamba moja tuliloligonga vipande, vinaelea. Tulipiga mstari kwa kalamu pale maji yalipofika. Beseni la pili: maji, jiwe kubwa katikati linalochomoza juu, na vipande vya bamba la pili juu ya jiwe. Mstari pia. Tuliyaweka yote uani kwenye jua saa mbili kasoro robo asubuhi. Nikawauliza: beseni lipi litapanda? Karibu wote walisema yote mawili.

Saa sita na nusu beseni la kwanza lilikuwa palepale kwenye mstari. Barafu yote imekwisha, maji hayakusogea. Inayoelea imeshasukuma maji sawa na uzito wake tangu ilipoingia, ikiyeyuka inajaza shimo lake yenyewe. Ndiyo hali ya barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini. Beseni la pili lilikuwa limepanda karibu sentimita 2. Hiyo ndiyo Greenland, kisiwa kikubwa cha kaskazini, na hiyo ndiyo Antaktika, bara la ncha ya kusini: barafu iliyokaa juu ya mwamba, ambayo bahari haijawahi kuihesabu.

Sasa vipimo vyenyewe, kwa sababu watoto waliviuliza na mimi nilikuwa nimejiandaa. Barafu yote ya Greenland ikiingia baharini, maji ya dunia yatapanda mita 7 na zaidi kidogo. Ya Antaktika ni kama mita 58. Hakuna anayesema hilo litatokea kesho, ni kazi ya karne nyingi. Lakini tangu mwaka 2002 setilaiti zinazopima nguvu ya mvutano ya dunia toka angani zimeonyesha kwamba Greenland inapoteza kama tani bilioni 270 kila mwaka, na Antaktika kama tani bilioni 150. Tani bilioni 360 ni milimita 1 ya bahari zote. Ongeza mito ya barafu ya milimani, yaani barafu nene inayoteremka polepole, ambayo ni midogo lakini inachangia karibu sawa na Greenland, halafu ongeza maji ya bahari yenyewe, yanayotanuka yakipata joto. Kati ya 1901 na 2018 bahari imepanda sentimita 20. Sentimita 20 ni karibu urefu wa kalamu mpya ya risasi. Nilimpa mtoto mmoja kalamu aisimamishe ukingoni mwa beseni, na darasa likanyamaza.

Bamba la tatu ndilo nililolipenda kuliko yote, na hapa ndipo ugumu wa barafu ya mama ulipookoa somo. Tuliliweka zima juu ya ubao laini ulioinama kuelekea beseni la tatu. Chini yake, ndani ya maji, tulikwamisha kipande kingine kidogo cha barafu kati ya ubao na ukingo, kikawa kama kizibo. Bamba lilitaka kuteremka lakini kizibo kililishika. Tukasubiri. Kizibo kilikuwa kinaelea, kwa hiyo kilivyoyeyuka maji hayakupanda hata kidogo. Kilipokuwa chembamba kama biskuti kikavunjika, na bamba likateleza lote majini, chubwi! Maji yakaruka juu ya mstari papo hapo. Mtoto mmoja wa mbele akasimama akapiga kelele: "Mwalimu, haijayeyuka bado na maji yamepanda!"

Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta kwa miaka. Bahari haisubiri barafu iyeyuke. Ikishateleza toka nchi kavu na kuanza kuelea, maji yameshapanda. Na kile kizibo kipo kweli. Pwani ya Antaktika kuna barafu pana inayoelea huku bado imeshikana na ile ya bara, na kazi yake ni kuizuia isiteremke. Mwaka 2002 moja ya hizo, Larsen B, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,250, ilivunjika vipande ndani ya wiki chache. Yenyewe haikupandisha bahari, maana ilikuwa inaelea. Lakini mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake ikaongeza mwendo kuelekea baharini. Ndiyo sababu watafiti wanaukazia macho mto wa barafu wa Thwaites, upande wa magharibi wa Antaktika, mpana wa kilomita kama 120. Maji ya bahari yenye joto kidogo yanaula kwa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Wenyewe peke yake una barafu ya kutosha kupandisha bahari zaidi ya nusu mita.

Kwa barafu ya ganda, ile ya mara ya kwanza, jaribio hili lisingewezekana. Bamba lingepasuka juu ya ubao.

Sasa ile nyota iliyokosekana. Mara ya pili nilimwomba mama agandishe maji yenye rangi nyekundu ya ngai-ngai (rosela), bila sukari, ili watoto waone maji yanavyotoka kwenye barafu. Alikubali bila kuongeza bei. Lakini kwa kuwa anagandisha polepole, rangi yote ilikimbilia katikati, na nje barafu ikabaki angavu kama kioo. Saa mbili nzima hatukuona wekundu wowote. Si kosa lake hasa, maji yakiganda taratibu hufukuza kila kisicho maji, na bahari ya Aktiki nayo ikiganda huacha chumvi yake chini vivyo hivyo. Lakini angeniambia, maana juisi anazigandisha kila siku na analijua hilo. Rangi ilipofika hatimaye, ilikuwa uzuri mtupu: nyuzi nyekundu zikishuka toka kwenye barafu hadi chini ya beseni kama moshi uliogeuzwa kichwa chini, kwa sababu maji baridi ni mazito.

Jambo la pili, hafungui kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na umeme ukikatika usiku anahesabu mafuta ya jenereta kwanza. Siku ya tatu nilikuta mabamba mawili badala ya matatu. Alinirudishia pesa ya lile moja kabla sijamwomba. Hana huduma ya kukupelekea, na risiti ni ya mkono.

Viputo navyo watu wameniuliza. Ndiyo, katikati kuna mstari mweupe wa viputo, hata baada ya kuchemsha maji. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji. Barafu ya Antaktika ina viputo pia, ila vyake ni hewa ya zamani iliyonaswa kati ya theluji ikikandamizwa na theluji nyingine juu yake. Wamechimba huko na kutoa vipande vyenye hewa ya miaka 800,000 iliyopita, na wameipima. Nilimpa kila mwanafunzi kipande akiweke sikioni. Barafu ikipasuka ndani kwa joto inalia tik, tik.

Mara ya mwisho nilipokwenda kulipa, mama aliniuliza swali ambalo nadhani wazazi wengi wanalo. "Mwalimu, bahari iko mbali na siye, na Bukavu ni mlima mutupu. Itatufikia wapi?" Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu ni swali la haki. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na hata barafu yote ya dunia ikiisha, mawimbi hayatafika Muhanzi. Lakini nchi hii ina mlango mmoja tu wa bahari, kule Muanda na Banana, kilomita kama 40 tu za pwani, na mawimbi yanaila pwani hiyo tayari. Mchele na mafuta anayotia kwenye jenereta vinapita bandari za Dar es Salaam na Mombasa, zote ziko usawa wa maji. Halafu nikamwambia kwamba barafu tunayo na sisi. Rwenzori, mpakani na Uganda, kilele cha Margherita kina mita 5,109. Mwaka 1906, wapanda milima Waitaliano wa Duki (mwanamfalme) wa Abruzzi walipopanda, barafu ya milima ile ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya 1.

Alishika mizani yake kimya. Kisha akauliza, "Na iliyobaki, nani anaifunika?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Nimewapelekea wanafunzi swali hilo kama lilivyo, na wanaliandikia insha.

Mkienda: agizeni siku mbili kabla, lipeni nusu, mje na blanketi na kamba ya mpira. Kama mnataka rangi, mwombeni aigandishe kwenye sashe ndogo za juisi, zinaganda haraka na rangi haipati muda wa kukimbia. Mwambieni ni barafu ya somo. Atawachagulia yasiyo na nyufa.